Kibera na Kawangware, Tuunde Klabu Yetu ya Raga



Uwanja wa Chama cha Raga cha Afrika Mashariki uko Barabara ya Ngong, Kibera upande huu na Kawangware upande ule. Ukitoka soko la Toi kwa miguu unafika kabla jasho halijakutoka. Hapo ndipo nyumbani kwa klabu ya Kenya Harlequin. Nondescripts nao wako Jamhuri, jirani kabisa. Jumamosi ya mechi, watoto wetu hujibana kwenye ua kuchungulia, na Toi kwenyewe mitumba ya njumu imening'inizwa kwa kamba zake, tope la nchi nyingine likiwa bado limekauka kwenye nyayo. Viatu vinauzwa kwetu na kelele za mashabiki tunazisikia, ila klabu hatuna.

Sisemi tumenyimwa. Nasema hatujaunda.

Nondescripts ilianzishwa mwaka 1923, Harlequin mwaka 1952, wakati wa ukoloni, Wazungu wakicheza wao kwa wao. Ubaguzi ule tusiusahau. Lakini kuna jambo moja walilolijua ambalo sisi bado linatupiga chenga. Hadi mwaka 1995 raga duniani ilikuwa mchezo wa ridhaa. Mchezaji hakulipwa hata senti, na badala yake yeye ndiye aliyelipa ada, akasafiri kwa nauli yake na kurudi nyumbani na jezi ya kufua. Klabu zilidumu kwa sababu zilikuwa mali ya wanachama.

Mwaka 1977 wachezaji Waafrika wakaunda Mwamba, ili nao wawe na kwao badala ya kubaki wageni kwenye klabu za wengine. Mwaka huohuo timu ya wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Nairobi, Mean Machine, ikatwaa Kombe la Kenya. Mwamba ndiyo iliyowalea ndugu wawili, Humphrey Kayange na Collins Injera. Injera alikuwa katika kikosi cha Kenya kilichoicharaza Fiji 30-7 kwenye fainali ya Singapore, Aprili 2016, chini ya kocha marehemu Benjamin Ayimba. Mwezi uliofuata akawa mfungaji bora wa trai katika historia ya msururu wa dunia wa raga ya wachezaji saba kila upande.

Kwetu michezo huja kwa njia nyingine: huja kama mradi. Gari linafika na mipira, fulana zenye nembo na mpiga picha. Watoto wanafurahi, na wana haki ya kufurahi. Kisha fedha zinaisha, kocha anapata kazi kwingine, mipira inaisha pumzi, na hakuna hata daftari linaloonyesha nani alicheza na nani. Mfadhili si adui, akija tumkaribishe. Ila atukute tumeshaanza, na atuache tukiendelea.

Hesabu ya klabu si ngumu kwa mtu yeyote aliye kwenye chama cha akiba. Watu 100, kila mmoja shilingi 50 kwa wiki, ni 5,000. Kwa mwaka ni 260,000. Kina mama wa Gatina na Makina wanazungusha zaidi ya hizo bila ofisi wala kompyuta, na ningependa mmoja wao awe mweka hazina wetu kabla ya mwanasiasa yeyote.

Sheria ya Michezo ya mwaka 2013 inataka klabu iwe na katiba na isajiliwe kwa Msajili wa Michezo. Tufanye hivyo mapema, kwa sababu bila cheti hatutasikika tukidai uwanja. Na ardhi haitungoji: Julai 2018 tuliona tingatinga zikibomoa nyumba na shule Kibera kupisha barabara. Bajeti ya kaunti inapoletwa kwa wananchi, tujae ukumbini, tuwaulize wawakilishi wadi ni uwanja upi umetengwa na hati yake iko wapi.

Wazazi mnaoogopa watoto kuumia, mna sababu. Wadogo waanze na raga ya kunyang'anyana vitambaa kiunoni, bila kuangushana. Anayegongwa kichwa atoke uwanjani, hata kama ni fainali. Mabinti wacheze tangu siku ya kwanza: Lionesses wetu, timu ya taifa ya wanawake, walicheza Olimpiki ya Rio na ya Tokyo, na hakuna aliyewauliza kama mchezo huo ni wa wanaume.

Nanyi mliowahi kucheza shuleni, pale Lenana, Upper Hill au Dagoretti, mkarudi mtaani mkaweka njumu chini ya kitanda, zitoeni. Tunahitaji makocha, waamuzi, na mtu mwenye mwandiko unaosomeka wa kuandika matokeo ya kila mechi. Kila mtaa, kuanzia Laini Saba, Gatwekera na Kianda hadi Kabiro na Gatina, uteue watu wawili, mwanamke na mwanamume, wakae pamoja waandike rasimu ya katiba. Waje na vitambulisho, na shilingi 50 za kwanza.