Chaki Iwe Mukononi mwa Nani?



Sisi wa mwaka wa mwisho tumewekwa kuangalia masomo ya jioni ya wadogo wetu, basi kila siku tunaona makaye yao. Ya hesabu ni safi kabisa: mistari imenyooka, jibu limepigiwa mistari miwili kwa biki nyekundu. Lakini funika ukurasa kwa mukono, uulize mwenye kaye: "Hii delta inatoka wapi?" Atakuambia: "Inatoka ku tablo." Si mujinga. Alifundishwa vile.

Desturi yenyewe tunaijua. Mwalimu anaandika formula, anafanya mufano mumoja, sisi tunanakili. Halafu anauliza: "Munasikia?" Darasa zima: "Ndiyo, mwalimu!" Nani atasema hapana mbele ya wenzake hamsini? Basi ubao unafutwa.

Tuchukue ekwasyo ya degre ya pili, kwa sababu ni hapo wengi wanaanza kuogopa hesabu na kusema watachagua sehemu ingine. Hii hapa: x² + 10x = 39. Hatukuitunga sisi. Iko katika kitabu cha al-Khwarizmi, mutaalamu wa Baghdad wa karne ya 9, na neno aljebra lilitoka katika jina la kitabu kile. Yeye hakuwa na delta. Alichora.

Chora muraba, kila upande x. Eneo lake ni x². Ile 10x uigawanye mara mbili: bandika kipande cha 5 kwa x kuume, na kingine cha 5 kwa x chini. Munaona, kona moja imebaki wazi, 5 kwa 5, ni 25. Vile vipande vya kwanza vyote pamoja ni 39, tumeambiwa. Tukijaza kona, 39 na 25 ni 64. Basi muraba mukubwa una upande wa 8. Toa 5, inabaki 3. Jaribuni: 9 na 30 ni 39. Mutoto anaweza kufanya vile chini ku kiwanja, kwa kijiti tu.

Hatudharau delta. Inatoa na jibu la pili, −13, lile muchoro hauwezi kuonyesha, kwani hakuna upande ulio chini ya sifuri. Tena inakwenda mbio. Lakini mwenye kuchora kwanza anaona kumbe formula ni kazi ile ile ya kujaza kona, imeandikwa kwa herufi.

Walimu wengine watajibu: programu ni ndefu, Eksame ya Leta inakaribia, na pale mutu anachagua jibu tu, hakuna atakayemuuliza juu ya muraba. Ni kweli wakati ni mufupi, na mwalimu mwenye kusahihisha makaye hamsini usiku ana haki ya kuchoka. Lakini zile saa za kurudilia formula hii katika madarasa ya juu, kwa watu waliokwisha kuinakili mara tatu, nani anazihesabu? Na swali likigeuzwa kidogo, mwenye kukariri anachagua kwa bahati, a ao b ao c.

Tena iko shida ya luga. Eksame ni kwa Kifaransa, hatukatai. Lakini mwalimu akieleza kwanza kwa Kiswahili dakika tano, kisha akaandika kwa Kifaransa, mwanafunzi atapigana na kitu kimoja, si viwili.

Tunaomba hivi: mara moja kwa juma chaki iwe mukononi mwa mwanafunzi, na asiwe kila mara yule wa kwanza wa darasa. Akikosa, kosa lisifutwe mbio. Libaki ubaoni, darasa litafute mahali lilipoingia. Na ninyi wenzetu, musicheke. Kicheko chenu kimefunga vinywa vingi kuliko ukali wa mwalimu yeyote.

Sisi tutaanza. Siku ya tano, kisha masomo, tutakuwa chini ya muembe na ekwasyo tatu. Mulete kijiti, kaye ibaki darasani.

Wakapita wa mwaka wa mwisho