Upasuaji wa mgongo: Uliza haya kabla ya kusaini

Kilimo cha mpunga katika Bonde la Kilombero hutaka mgongo: kuinama kupandikiza, kupalilia, kuvuna, kisha kubeba magunia. Maumivu mengi ya kiuno hupungua bila upasuaji, kwa dawa, mazoezi na kupumzisha mizigo. Wachache, ambao pingili zao zimehama na kubana mishipa ya fahamu, huambiwa zinapaswa kuunganishwa. Kutoka Ifakara, safari hiyo inaweza kufika hadi Taasisi ya Mifupa Muhimbili (MOI), Dar es Salaam.

Swali la familia huwa moja: hatapooza?

Pingili hufungwa kwa skrubu na vyuma. Skrubu ikienda pembeni inaweza kugusa mishipa ya fahamu inayoshuka miguuni, na mgonjwa aliyelala hawezi kusema anaumia. Penye mashine ya kufuatilia mishipa hiyo, sindano nyembamba huchomwa kwenye misuli ya miguu. Mshipa wa fahamu ukisumbuliwa, msuli hushtuka na mashine huonyesha. Daktari pia hupitisha umeme mdogo kwenye skrubu. Msuli ukiitikia umeme mdogo sana, huenda skrubu imekaribia mshipa, naye huikagua upya. Dawa ya kulegeza misuli ikizidi, mashine haioni kitu, hivyo mtaalamu wa usingizi huipima kwa uangalifu.

Ipo pia njia isiyohitaji mashine, iliyoelezwa mwaka 1973 kwa upasuaji wa migongo iliyopinda: usingizi hupunguzwa katikati ya kazi, mgonjwa huambiwa achezeshe vidole vya miguu, kisha hulazwa tena. Hakuna njia inayoondoa hatari yote.

Kabla ya kusaini, uliza:

• Mshipa upi umebanwa, na tukisubiri itakuwaje?
• Mtahakikishaje skrubu zimekaa sawa?
• Akiamka, nani atapima nguvu za miguu, na mara ngapi?

Siku moja kabla, mwangalie kama anaweza kukunja kidole gumba cha mguu kwenda juu, na wapi ana ganzi. Andika, ili baadaye mlinganishe.

Awe amepasuliwa au la, akipata ganzi sehemu za siri, akishindwa kukojoa au kuzuia haja, au miguu ikilegea ghafla, usisubiri tarehe ya kliniki. Awahishwe hospitali siku hiyohiyo. Kwa walio Ifakara, Hospitali ya Rufaa ya Mtakatifu Fransisko.