Pikipiki Ikilazwa Msimu wa Baridi, Petroli Isilale Nayo

Ifikapo mwezi wa Juni baridi huingia Lilongwe. Mji huo umeinuka zaidi ya mita 1,000 juu ya usawa wa bahari, na usiku wa Julai hewa huweza kushuka chini ya digrii 10. Katika nyumba za Area 25, kaskazini ya mji, na huko Dzaleka wilayani Dowa, ambako Kiswahili husikika kila kona kwa wakimbizi waliotoka Kongo na Burundi, mama wa nyumba huingiza ndani jiko la mkaa, ambalo wenyeji huliita mbaula, ili watoto waote kabla ya kulala. Jiko hilo peke yake ni hatari, kwa kuwa sumu ya mkaa haionekani wala hainuki. Lakini mara nyingi chumba hicho hicho, kwa hofu ya wezi, ndicho kinacholaza pikipiki.

Pikipiki inayotoka kila asubuhi kubeba abiria, ile iitwayo kabaza huko Malawi, haina taabu kubwa ya petroli kuharibika, maana mafuta yake hayakai. Yenye taabu ni ile iliyosimama. Askari amepelekwa kazini mbali kwa miezi tisa. Polisi amehamishwa wilaya nyingine. Familia imerudi Dzaleka kwa amri ya mwaka 2023 iliyowataka wakimbizi watoke mijini, na chombo kimebaki uani kwa jirani. Mwenyewe hufunga shuka juu ya kiti, akakabidhi ufunguo kwa mkewe, akaondoka na moyo mtulivu. Anaporudi hupiga kiki mpaka mguu ukafa ganzi, na fundi akifungua kabureta hukuta utomvu wa rangi ya chai umeziba kila tundu.

Sababu yake yafaa ieleweke. Petroli haidumu kama mafuta ya kupikia. Sehemu zake nyepesi, zinazowasha injini asubuhi ya baridi, hutangulia kuruka hewani. Zinazobaki hukutana na hewa na polepole hugeuka kuwa gundi. Tundu la kabureta linalolisha injini inapozunguka polepole lina upana usiofika nusu milimita. Gundi kidogo tu yatosha kulifunga.

Malawi ina jambo jingine zaidi. Nchi hiyo haina bandari ya bahari, na ili kupunguza fedha za kigeni zinazonunulia mafuta, tangu mwaka 1982 imekuwa ikichanganya petroli na spiriti inayotengenezwa kwa molasi ya miwa. Kiwanda cha kwanza kiko Dwangwa, karibu na Ziwa Malawi. Cha pili kilianza Nchalo, katika bonde la mto Shire, mwaka 2004. Kiwango cha spiriti hubadilika kufuata upatikanaji wake. Ni mpango wa busara kwa nchi, na pikipiki inayotembea haidhuriki nao. Ila spiriti hupenda maji. Huyavuta kutoka katika hewa iliyomo ndani ya tangi, na huyapokea yale yanayopenya kwenye mfuniko mvua inaponyesha. Mchana wa joto petroli huyabeba maji hayo bila kuonyesha dalili. Usiku wa baridi nguvu hiyo hupungua: maji na spiriti hujitenga na kushuka chini kabisa, mahali palipo mdomo wa kutolea mafuta. Katika tangi la lita 10, maji ya vijiko vitatu au vinne vya chakula yaweza kutosha kuleta utengano huo. Hapo kutu huanza, na mwenye pikipiki akiwasha injini huilisha maji.

Katika nchi za theluji, ambako pikipiki hulala miezi mitano mfululizo, wenyewe hujaza tangi pomoni ili hewa isipate nafasi, wakatia dawa ya kuhifadhi petroli, kisha wakaendesha injini dakika chache ili mafuta yenye dawa yafike katika kabureta. Ni njia nzuri kwa mtu mwenye banda la pikipiki mbali na nyumba. Kwa mwenye vyumba viwili na watoto wanne haifai hata kidogo. Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa. Hutambaa sakafuni, ukapita chini ya mlango, ukafika jikoni. Nao hushika moto hata kwenye baridi ya digrii 40 chini ya sifuri, sembuse baridi ya Lilongwe. Nyumba ya namna hiyo haina budi kulaza pikipiki isiyo na petroli.

Kazi hufanyika nje, mchana, injini ikiwa imepoa, pasipo sigara wala jiko karibu. Koki ya mafuta hufungwa, mpira ukachomolewa kwenye kabureta na kuelekezwa katika dumu safi la mafuta, kisha koki ikafunguliwa. Mtu asivute petroli kwa mdomo. Tone likiingia mapafuni laweza kuua, na mtoto aliyeinywa asitapishwe. Apelekwe hospitali upesi. Kabureta nayo ina bakuli chini yake lenye skrubu ya kumwagia. Hulegezwa kwa bisibisi mpaka tone la mwisho, na hatua hii ndiyo watu wengi huisahau, ingawa humo ndimo gundi huanzia. Pikipiki mpya zisizo na kabureta zina pampu ndani ya tangi, na hizo ni vema zitolewe mafuta na fundi.

Tangi lililomwagwa lisidhaniwe kuwa tupu. Limejaa mvuke, na mvuke huo ni mwepesi kulipuka kuliko petroli yenyewe. Liachwe wazi kwenye upepo kutwa nzima. Kisha humiminwa ndani yake oili ya injini kiasi cha kikombe cha chai, tangi likazungushwa huku na huku ili oili ipake kuta zote na kuzuia kutu, na inayozidi ikamwagwa katika kopo. Ndipo mfuniko ufungwe na chombo kiingizwe ndani.

Na ile petroli iliyotolewa? Uhaba ulioisumbua Malawi mara kwa mara tangu mwaka 2022 umewafundisha watu kuficha dumu chini ya kitanda. Mke wa askari hapaswi kuachiwa mzigo huo. Petroli ikiwa bado safi apewe jirani mwenye pikipiki inayotembea, aitumie siku hiyo hiyo. Iliyokaa muda mrefu hutiwa kwanza katika chupa ya kioo na kuachwa itulie. Ikionekana tabaka mbili, au ikitoa harufu kali kama ya rangi ya mbao, haifai tena kwa injini na hupelekwa kwa fundi. Haimwagwi karibu na kisima, na kamwe haitiwi katika kibatari badala ya mafuta ya taa.

Siku ya kuiamsha pikipiki, oili iliyobaki humwagwa, tangi likasuuzwa kwa petroli kidogo huko huko nje, na mpira wa mafuta ukakaguliwa, maana spiriti huukausha ukapasuka. Na kwa kuwa mwenye safari aweza kurudi usiku wakati mkewe hayupo, karatasi ifungwe kwenye usukani siku ile ile ya kuilaza: tarehe, tangi halina petroli, lina oili, koki imefungwa.