Kompyuta Izimikayo Imejihami

Katika miezi ya kaskazi, hewa ya Dar es Salaam, Unguja na Mombasa inapopita nyuzijoto 30 hata vivulini, vijana wengi wachezao gemu kwenye kompyuta za mpakato hufikwa na msiba ule ule: mchezo umepamba moto, feni inavuma kwa nguvu, mara kioo kinakuwa cheusi na mashine nzima imezimika pasi na onyo. Aghalabu hukumu itolewayo ni kwamba pameingia virusi, na kwa hukumu hiyo mashine hupelekwa kwa fundi ambaye, pasipo kulegeza hata skrubu moja, hufuta mafaili yote, akapiga Windows upya, akapokea ujira wake. Na wiki haiishi, tatizo limerejea. Hiyo ni dhulma, hata kama fundi hakuikusudia.

Hakika ya mambo ni kwamba mashine ile imejihami. Prosesa nyingi za mpakato zimewekewa mpaka ulio karibu na nyuzijoto 100. Zikiufikia hujipunguzia kasi, ndipo mchezo unapoanza kukwama, na joto likizidi kupanda, mashine hujikatia umeme kabla haijaungua. Zamani kinga hiyo haikuwamo katika kila prosesa: mwaka 2001, jarida la Tom's Hardware lilipoondoa vipoza joto juu ya prosesa zilizokuwa kazini, Athlon ya AMD iliungua ikatoa moshi, ilhali Pentium 4 ya Intel ilipunguza kasi ikasalimika.

Swali la haki, basi, ni nini kilicholizuia joto lisitoke. Kwetu jawabu la kwanza ni vumbi, ambalo hugandamana baina ya mapezi membamba ya kipoza joto hata feni ikawa yazunguka bure. Na kwa kuwa mashine zetu nyingi ni za mtumba, zilizokwisha kutumika miaka kadhaa ughaibuni, ile dawa nzito ipakwayo kati ya prosesa na kipoza joto huwa imekwisha kukauka. Fundi mwaminifu hufungua mfuniko wa chini, akaizuia feni kwa kidole isizunguke anapopuliza vumbi, akafuta dawa kuukuu kwa spiriti, akapaka mpya.

Mchezaji naye ana wajibu wake. Asiiweke mashine juu ya godoro wala mto, kwani matundu ya chini ndiyo yavutayo hewa; aiweke mezani, ainyanyue kidogo upande wa nyuma, na auwekee mchezo kikomo cha fremu 60 kwa sekunde, maana kila fremu ya ziada ni joto la ziada. Ajue pia kwamba chumba kikizidi joto, prosesa nayo huzidi takriban kwa kiasi hicho hicho, hivyo saa za usiku ni bora kuliko adhuhuri. Chaja yenye wati pungufu nayo yaweza kuzima mashine, na haina budi kuchunguzwa.

Enyi mafundi, nawasihi: kabla ya kugusa faili lolote la mteja, pimeni joto la mashine yake kwa programu kama HWMonitor, ipatikanayo bure, na mumwonyeshe nambari hizo kabla hajatoa shilingi yake.