Mchezo wa Zamani nao ni Matini

Huenda msomaji akajiuliza mwanafunzi wa fasihi ana haja gani na michezo ya video. Chanzo ni ubishi. Likizo iliyopita niliunda chumbani mwangu tarakilishi ya kuchezea michezo ambayo zamani ilichezwa kwa sarafu katika kumbi za Japani na Marekani. Rafiki yangu mmoja, mwanaisimu, alipoitazama Street Fighter II (1991) kwenye kiwambo changu kipana, alikereka kwa weusi ulioachwa kandokando. "Ndugu yangu, mbona huivuti picha ikajaa? Nafasi yote hiyo inapotea bure!" Nilikataa, na hadi leo nashikilia kwamba ushauri wake, ingawa wa nia njema, ni upotoshaji wa matini.

Tuanze na vipimo. Picha ya mchezo huo ina pikseli 384 kwa upana na 224 kwa kimo, lakini ilikusudiwa kioo chenye upana wa 4 kwa kimo cha 3. Kwa hiyo kila pikseli ilikuwa nyembamba, si mraba. Ukiivuta ijaze kiwambo cha 16 kwa 9, kila mpiganaji hunenepa kwa theluthi nzima. Nayo Pac-Man (1980) ni pikseli 224 kwa 288, kwani ndani ya kabati lake tyubu ililazwa ubavu. Kiwambo cha leo chenye mistari 1080 hakigawanyiki sawasawa kwa 224. Ukilazimisha, mistari mingine hupata unene wa pikseli nne na mingine tano, na picha inaposogea hutetemeka kama taswira majini. Mimi huzidisha kwa nne, nikapata mistari 896, nao weusi nikauacha ukae.

Lipo jambo jingine ambalo wengi hawalioni ila hulihisi. Mortal Kombat (1992) huchora picha takriban mara 54.7 kwa sekunde, ilhali viwambo vingi vya leo huchora mara 60. Ama baadhi ya picha zirudiwe na mwendo ukwamekwame, ama mchezo uharakishwe kwa karibu asilimia 10. Sisi tuliofunzwa kuhesabu mizani twajua uzito wa hilo. Mhariri anayekuta kipande cha mizani nane katika hati ya utenzi, kisha akakiongezea ya tisa ili ukurasa upendeze, tungemwitaje?

Tangu mwaka 1997, Nicola Salmoria wa Italia alipoanzisha programu ya MAME, msimbo wa maelfu ya michezo umehifadhiwa. (Haki za michezo mingi zingali na wenyewe, kwa hivyo anayeunda mashine kama yangu atafute nakala halali.) Hata hivyo, msimbo pekee hautoshi, kama vile maneno ya shairi yasivyotosha kutufundisha mahadhi yake. Ndiyo maana baadaye nilinunua, kwa bei ya vyuma chakavu, kiwambo kizito cha tyubu kilichotupwa na ofisi fulani. Mwanzoni kilikataa katakata. Mashine nyingi za sarafu zilituma mistari kama 15,000 kwa sekunde, nacho, kama viwambo vingi vya tarakilishi vya aina yake, hakikubali chini ya 30,000 hivi. Suluhisho lilikuwa kuchora kila picha mara mbili. Programu ya GroovyMAME, tawi la MAME, hukiamuru kiwambo kifuate vipimo vya mchezo wenyewe, na Mortal Kombat sasa huchorwa mara 109.4 kwa sekunde bila kukwama.

Sidai kila mtu abebe mzigo huo. Hula umeme, na meza yangu imeanza kupinda. Anayecheza ili kujiburudisha jioni atosheke na kiwambo alicho nacho. Ila kuacha weusi kandokando hakugharimu hata senti, na hapo sioni udhuru wa rafiki yangu.

Juma lililopita pembe moja ya tyubu ilianza kugeuka rangi ya zambarau. Makampuni makubwa yaliacha kutengeneza vioo hivyo zamani. Mafundi wawili nilioawauliza walinicheka, wakaniuliza mbona nisinunue kipya. Wa tatu, mzee wa miaka mingi katika kazi hiyo, ameniambia nikilete Jumamosi akitazame.