Njia Mbili Zilimshinda Fisi

Wanafunzi wenzangu, muhula uliopita nilirudishwa nyumbani Ruiru kutafuta karo ambayo mama alikuwa ameshalipa. Daftari la mhasibu lilisema nimelipa. Orodha ya darasa ilisema bado. Siku mbili za masomo zikapotea, na nauli ya matatu juu yake.

Katika chama cha kompyuta tunajifunza Django, kiunzi cha kutengenezea tovuti kilichotolewa kwa umma mwaka wa 2005. Kiunzi ni kama mifupa. Nyama unajazia mwenyewe. Kanuni mojawapo ya waliokiunda ni hii: kila habari ikae mahali pamoja tu. Kurasa zote husoma hapo, na ukisahihisha hapo, zote zimesahihika.

Kuna watakaouliza, "Na hapo pakiharibika je?" Kweli, kosa la hapo litaenea kote. Lakini litaonekana upesi, na nakala ya akiba ipo. Kosa la madaftari mawili hujificha mpaka mtoto wa watu asimamishwe langoni.

Walimu wetu wapendwa, twaomba orodha moja ya karo hapa Thika, nanyi nyote muisome hiyo hiyo.