Kamera shambani si anasa

Nilinunua kamera ya dijitali kwa kujifurahisha tu. Kila Jumamosi nikawa nazunguka vibanja vya Muleba, nikipiga picha mikungu minono.

Siku moja, nikikuza picha kwenye kompyuta yangu Bukoba, niliona nyuma ya mkungu ua dume lililonyauka: dalili mojawapo ya mnyauko wa bakteria, ulioingia Kagera katikati ya miaka ya 2000. Picha ilikuwa na wiki mbili. Mwenye kibanja alikwisha kumwazima jirani panga lake.

Ndugu mkulima, leo simu nyingi zina kamera. Piga picha mgomba unaoutilia shaka, umwonyeshe bwana shamba siku hiyo hiyo. Panga lipitishwe motoni. Kwenye migomba mizima, ua dume litolewe kwa kijiti chenye panda. Picha iliyochelewa kuangaliwa haiokoi kibanja.